Siku Kundi la Uyoga Lilipokutana na Kundi la Chai

Sode alikuwa na miaka tisa siku walipomleta baba yake nyumbani, amelazwa juu ya ubao wa mlango. Wanaume wanne walimbeba, wakamteremsha barazani, wakaondoka bila kunywa hata maji. Zensuke alikuwa hai, ila kuanzia mapajani kwenda chini hakuwa na miguu ya kutumia tena. Ilikuwa imevimba na kuwa myeusi, na mifupa ya ndani imesagika.

Kosa lake lilikuwa moja tu, kulitaja jina la Budha Amida. Katika jimbo la Satsuma, kusini mwa Japani, dhehebu la waumini wake lilikuwa limepigwa marufuku tangu enzi za mababu wa mababu. Aliyeshukiwa alipigishwa magoti juu ya magogo yaliyochongwa makali, kisha akapangiwa mawe mapajani, moja juu ya jingine, mpaka awataje wenzake. Zensuke alipangiwa matano. Hakumtaja mtu.

Baada ya hapo aliishi miaka minne, akisuka ndara za majani ya mpunga palepale alipolazwa. Sode ndiye aliyemgeuza ubavu, ndiye aliyemwosha, na ndiye aliyemsikia akilitaja Jina kwa pumzi tu, midomo haichezi: Namu Amida Butsu, najikabidhi kwa Budha Amida, Namu Amida Butsu. Sode alipofikisha miaka kumi na mitatu, baba akafa.

Aliyempangia mawe alijulikana. Aliitwa Arimura Shinnai, askari wa ngazi ya chini wa mtawala wa jimbo, mkazi wa mji wa Kamihara, mwendo wa nusu siku kutoka kijijini kwao. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kovu kidevuni. Kila alipopita na farasi wake, Sode alisimama kando ya njia akainamisha kichwa kama sheria ilivyotaka, na akishapita, alitema mate kwenye alama za kwato. Alifanya hivyo akiwa msichana, na akaendelea kufanya hivyo akiwa mke wa mtu na mama wa watoto watatu.

"Siku moja atageuka akuone," mumewe Yosuke alimwonya.

"Na ageuke," Sode alijibu. "Mimi sijakimbia."

Waumini wa kijiji chao walikuwa kumi na mmoja. Walijiita Kundi la Uyoga, kwa kuwa mtu akiwaona wakipanda mlimani na vikapu, ilitosha kusema wanakwenda kuchuma uyoga. Huko mlimani kulikuwa na pango la kuingilia kwa kutambaa, na humo ndani, kwenye mpini wa mwamvuli wenye uwazi, ilifichwa picha ya Amida isiyozidi upana wa kiganja. Walijua kuna makundi mengine, lakini kiongozi wao, mzee Gohei, alikuwa amewahi kusikia jina la moja tu, Kundi la Chai, na hakujua ni akina nani wala wanakaa wapi. Mambo yalipangwa hivyo makusudi, ili atakayekamatwa asiwe na majina ya kutoa.

Utotoni Sode aliwahi kumwuliza baba yake, "Tuko wangapi?"

"Wengi."

"Wangapi?"

"Wewe nawe! Wengi, nimekwambia."

Jibu hilo lilimkaa rohoni. Sokoni aliwatazama watu vidole, labda atamwona mmoja anayevuta tasbihi isiyokuwepo. Alipomzika mtoto wake wa pili, Masu, alijiliwaza kwa kuwaza kwamba mahali fulani kuna mwanamke mwingine anayelitaja Jina lilelile kwa kunong'ona kama yeye. Hakumjua sura, lakini alimpenda kama dada wa tumbo moja.

Alipokuwa na miaka arobaini na moja, marufuku ikaondolewa. Mtawala wa jimbo alikuwa ameshang'oka zamani, serikali mpya ilikaa mbali kule Tokyo, na asubuhi moja ya mwezi wa tisa tangazo likabandikwa kwenye ubao wa kijiji: kila mtu na afuate dhehebu alitakalo.

"Mtego huo," alisema mzee Gohei. "Wamechoka kututafuta, sasa wanataka tujipeleke wenyewe kama kuku."

"Kuku gani anayejipeleka mwenyewe?" Yosuke akauliza.

"Kuku wa kwenu."

Lakini wiki tatu baadaye habari zikafika kwamba kasisi kijana aitwaye Ensho amekuja kutoka Kyoto, na anawaalika waumini wote waliokuwa wamejificha wakutane Kamihara, kwenye ghala la mtengeneza pombe, mchana, milango wazi. Gohei alinuna siku mbili, ya tatu akaanza kutafuta vazi lake safi.

Wa kukataa alikuwa mama yake Sode. Bi Tome alikuwa na miaka sitini na tano, na bado alilima viazi vitamu vyake mwenyewe.

"Magoti yananiuma," alisema.

"Mama, juzi umepanda mlimani na kuteremka na mzigo wa kuni."

"Ndiyo maana yananiuma."

"Maisha yako yote umeisubiri siku hii."

"Basi nimeshazoea kusubiri."

Sode hakumwelewa. Alimbembeleza, akamkasirikia, mwisho akamwambia kwamba Yosuke atambeba mgongoni kama gunia mbele ya watu. Bi Tome akanyanyuka, akafunga viazi vya kuchemsha kwenye kitambaa, akatoka mbele yao bila neno.

Walifika Kamihara karibu na adhuhuri, majivu ya mlima wa moto yakidondoka kidogo kidogo kama siku zote. Mlangoni pa ghala Sode alisita. Mkono ulikuwa umeingia wenyewe kifuani, kufunika tasbihi. Aliwaona wengine wanaofika nao wamekamata vifua vivyo hivyo, wakatazamana, na mwanamke mmoja mnene akaangua kicheko.

"Tutoe basi, jamani! Au tumekuja wote kujikuna?"

Humo ndani walikuwa watu zaidi ya mia mbili. Sode alijaribu kuwahesabu, akashindwa kwa sababu macho yalijaa machozi. Watu walikuwa wakionyeshana maficho yao kama watoto wanaoonyeshana vidonda. Kuna waliomficha Amida ndani ya ubao wa kukatia mboga, wengine kwenye nguzo ya nyumba yenye kifuniko. Mzee mmoja alikuwa amemficha chini ya zizi la nguruwe, na akaapa kwamba nguruwe wale hawakuugua hata siku moja. Yule mwanamke mnene aliitwa Iso, na alipomtazama Sode vizuri akapiga makofi.

"Wewe! Wewe si ndiye mwenye figili, pale karibu na daraja?"

"Ndiye mimi. Nawe ndiye usiyelipa mpaka uzivunje kuona kama zina nyuzi!"

"Miaka kumi na tano tunagombana," Iso alisema, akamshika mkono wa vazi asimwachie. "Miaka kumi na tano, mwenzangu, na wote wawili tuna hii kifuani!"

Sode akalia waziwazi. Alitaka kumwita mama yake aje amwone Iso, lakini Bi Tome alikuwa ameketi nyuma kabisa, karibu na mapipa, ameinamisha uso.

Kasisi Ensho hakuwa amefika miaka thelathini, na masikio yake yalikuwa makubwa. Alipiga kengele akawaomba wote walitaje Jina pamoja. Mia mbili wakafungua vinywa, na ghala lote likatoa mnong'ono, kama upepo kwenye mianzi. Hakuna aliyejua kulisema kwa sauti. Ensho alisimama na kengele yake mkononi, akasema taratibu, "Ndugu zangu, hakuna anayewasaka leo. Tena." Mara ya pili zikatoka sauti chache. Mara ya tatu paa likavuma, na Sode akaisikia sauti yake mwenyewe ikilitaja Jina kwa nguvu, nzito na ngeni, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

Alipofuta macho ndipo alipomwona.

Alikuwa mstari wa mbele, kando ya nguzo. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe na mabega yameshuka, lakini kovu lilikuwa palepale kidevuni. Sode alimvuta Gohei.

"Mzee, ulisema kweli. Ni mtego. Arimura yumo humu."

Gohei alichungulia, uso ukampauka. "Watoe watu kimyakimya. Anza na mama yako."

Lakini kabla hawajainuka, Ensho alikuwa ameanza kusema. Alisema kwamba katika jimbo zima kuna picha moja ya Amida iliyo kongwe kupita zote, iliyolindwa na Kundi la Chai kwa miaka tisini, na sasa anamwomba kiongozi wa kundi hilo aifungue mbele ya watu. Arimura Shinnai akasimama. Akaichukua picha kwa mikono miwili, akaikunjua, na tasbihi ikaning'inia kwenye kifundo cha mkono wake, punje zake zimesuguliwa mpaka zinang'aa.

Watu wakainama. Iso, aliyekuwa wa Kundi la Chai, akanong'ona kwa fahari, "Ndiye aliyetuokoa sisi wote, yule."

Sode hakuinama. Alijikuta amekwisha kusimama, na miguu inampeleka mbele, ikiwakanyaga watu nguo.

"Bwana Arimura," alisema. "Unanijua?"

Mzee yule alimtazama kitambo. "Wewe ni binti Zensuke," alisema. Akaiweka picha kwa uangalifu juu ya meza, akapiga magoti, akagusisha paji la uso sakafuni.

"Inuka. Nataka nikuone uso. Siku ile ulikuwa unaamini?"

"Nilikuwa naamini."

"Ulijua baba yangu ni mwenzako?"

"Nilijua."

Arimura alieleza kwa sauti ya chini, bila kujipamba. Majira yale ya baridi wakubwa walianza kuwashuku hata askari wao. Nyumbani kwake kulikuwa na picha hiyo na karatasi yenye majina ya watu sitini. Angekataa kazi, nyumba ingepekuliwa jioni ileile. "Nikawaza, nikifanya mimi, nitachagua mawe mepesi. Walioniagiza walitaka saba. Niliweka matano."

"Kwa hiyo nikushukuru kwa mawili?"

"Hapana."

"Umepita mbele yangu miaka thelathini na miwili juu ya farasi! Huku nyumbani kwako umekaa na hao sitini wako, mnakunywa chai, mnalitaja Jina. Na mimi namgeuza baba ubavu!"

Ensho akaja akasimama katikati, mikono imeunganishwa kifuani. "Dada yangu," alisema kwa upole, "huzuni yako ni kubwa. Lakini tukumbuke, nadhiri ya Amida ya kuokoa watu ni kwa ajili ya mwovu kwanza. Aliyetenda ubaya akajua ametenda, huyo ndiye anayeshikwa mkono wa kwanza."

Watu wakaitikia kwa pumzi ndefu. Mwanamke mmoja akaanza kulia, kisha wengine, na Sode akatambua kwamba hawamlilii yeye. Walikuwa wanamlilia Arimura. Iso alimtazama kwa macho yanayomsihi anyamaze. Mzee mmoja akasema, "Namu Amida Butsu, mtu huyu amebeba mzigo mzito ulioje!" Mia mbili aliowatamani tangu utotoni walikuwa wamekwisha kuegemea upande mmoja.

"Mama!" Sode aliita, akigeukia kwenye mapipa. "Mama, njoo uwaambie. Waambie alivyorudi baba."

Bi Tome alisimama polepole. "Kaa chini, Sode."

"Waambie!"

"Kaa chini, mwanangu. Huna jipya la kuniambia kuhusu Bwana Arimura. Nimejua siku zote."

Sode hakukumbuka vizuri alivyotoka mle ndani. Alijikuta kisimani nyuma ya ghala, ndoo mkononi, hana haja ya maji. Mama yake alimfuata akakaa kwenye jiwe la kufulia.

"Nani alikwambia?" Sode aliuliza.

"Baba yako. Usiku aliorudishwa. Alisema lilipowekwa jiwe la nne, yule bwana aliinama kana kwamba analisawazisha, akamtajia Jina sikioni. Wakalitaja pamoja. Baba yako alisema hapo ndipo hofu ilipomtoka."

"Na wewe ukaona ni jambo zuri."

"Nilitapika," Bi Tome alisema. "Kisha nikanyamaza. Ulikuwa na miaka tisa, ningekwambia ukamwambie nani, kuku?"

"Na nilipokuwa na ishirini? Thelathini? Nilipokuwa natema mate barabarani, ulikuwa pembeni yangu, Mama. Ulikuwa umenishika mkono!"

"Ulipotema mate, watu walikuona unamchukia. Nani angemdhania mtu anayechukiwa hivyo na binti wa Zensuke?" Bi Tome alitazama mikono yake. "Chuki yako ilimficha. Ilitusaidia sote."

Sode aliiweka ndoo chini. Kumbe hata mate yake yalikuwa na kazi, na kazi hiyo alipewa bila kuambiwa.

"Mliongea lini mara ya mwisho, wewe na huyo bwana?"

"Si naye. Na mkewe. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya baba yako. Nilikuaga nakwenda kuuza ndara mjini. Tulikuwa tunakaa jikoni kwake, yeye na mimi na wanawake wawili watatu, tunasoma."

"Iso alikuwemo?"

Bi Tome alipangusa majivu kwenye jiwe.

"Iso alikuwemo, Mama?"

"Mara moja moja. Hakujua wewe ni wangu."

Sode alicheka, cheko ambalo halikufanana naye. "Nimemzika Masu wangu nikijiambia kuna mwanamke mahali anayelitaja Jina nami. Nilimtunga kichwani, nikampa na sura. Na wewe ulikuwa nao! Miaka yote mna jiko zima, mimi nahesabu watu kumi na mmoja."

"Niliogopa ukijua utaonekana usoni. Wewe uso wako hauna kifuniko."

"Basi na wa kwako una vifuniko viwili."

Alimwacha pale kisimani. Alirudi kijijini peke yake, akitembea haraka, na Yosuke aliporudi jioni na mama mkwe wake mgongoni, kwa kuwa magoti yalikuwa yamekataa kweli sasa, Sode aliwapakulia uji wa mtama bila kumtazama mtu.

Hakumtupa mama yake. Alimpikia, akamkanda magoti kwa maji ya moto, akamtafutia shuka nzito majira ya baridi. Ila neno la moyoni hakumwambia tena. Wakiulizana, wanaulizana kuhusu viazi. Bi Tome alilia mara moja, waziwazi, mbele ya wajukuu, akasema afadhali angetukanwa. Sode akamjibu, "Sina tusi, Mama. Ningekuwa nalo ningekupa." Waliishi hivyo miaka miwili, mpaka Bi Tome alipofariki.

Mazishi yalifanyika katika ukumbi mpya uliojengwa Kamihara. Arimura alikuja, akiwa sasa amempoteza mwanawe wa pekee katika vita vya mwaka uliotangulia. Alisimama nje ya mlango, kwenye majivu, akamtuma Iso kuuliza kama anaruhusiwa kuingia.

"Ukumbi si wangu," Sode alisema. "Aingie. Lakini asikae mbele."

Arimura aliketi mlangoni. Sode aliisikia sauti yake ikilitaja Jina pamoja na za wengine, na alijaribu kuitoa masikioni, ikakataa kutoka. Walipomaliza, mzee alimwinamia. Sode alipita. Miaka sita iliyofuata walikutana katika ukumbi ule mara nyingi. Yeye humsalimu, na Sode humpita. Iso akamwuliza kwa nini basi anakuja.

"Sikuja kwake. Amida si mali ya Kundi la Chai."

"Mimi hunisamehe?"

"Wewe nunua figili zako," Sode alisema, lakini hakuuvuta mkono wake Iso alipoushika.

Kisha, ng'ambo ya mto, katika vijiji ambavyo havikuwahi kuwa na kundi lolote, wanawake wakaanza kuomba mtu wa kuwafundisha. Ensho, ambaye sasa alikuwa na mke na masikio yaleyale, alimwomba Sode aende. Sode alikataa mara mbili. Ya tatu alikubali kwa sharti kwamba atafundisha kwa namna yake, na kasisi asije kumsahihisha.

Wanawake tisa walikusanyika barazani kwa mmoja wao, asubuhi, mlango wazi. Kabla ya kufungua kitabu, Sode aliwasimulia yote: magogo, mawe, jina la baba yake na jina la Arimura, jiko la chai, kisima. Hakuacha kitu, na hakulia. Kisha akasema, "Kundi hili lina kanuni moja, nayo haitoki Kyoto, ni ya kwangu. Hapa hatukai na jambo la mwenzetu chini ya ulimi. Mwenye neno linalomhusu aliyeketi humu, aliseme sasa, halafu ndipo tusome."

Wakatazama mikeka, wakakohoa. Mmoja akasimama kana kwamba anakwenda kuchungulia chungu, akakaa tena. Hatimaye mwanamke mwembamba wa pembeni, Kesagiku, akainua mkono nusu, uso umemwiva.

"Miche ya viazi ya Nobu, ile iliyopotea mwaka juzi," alisema. "Si nguruwe pori. Ni mimi."

"Wewe mwanamke!" Nobu akaruka. "Nililala shambani siku tano na fimbo, namvizia nguruwe!"

"Nilikuona," Kesagiku alisema. "Nikaona haya zaidi."

Baraza zima likapasuka kwa kicheko, Nobu mwenyewe akiwa wa mwisho, bado amekasirika. Sode alisubiri wamalize. Kisha akafungua kitabu, akawauliza nani kati yao anajua kusoma.